Hisa ya Mavuno: Namna Mlaji Anavyotafuta na Kuchagua Shamba

Mwanachama wa chama cha msingi amezoea kuona fedha zikifuata mazao. Hununua mbegu na mbolea kwa mkopo au kwa akiba yake ndogo, hulima, hupalilia, huvuna, hupeleka mzigo kwenye mizani ya chama, hupokea malipo ya kwanza, kisha huanza kuuliza malipo ya pili yatatoka lini. Katika muda huo wote hasara ya mvua, wadudu na bei ni yake peke yake. Upo mpango mwingine, unaotumika sana Marekani, Ulaya na Japani, ambao umegeuza mwendo huo: mlaji hutoa fedha zake kabla mbegu haijaingia ardhini, na mavuno yakiwa mabaya hupata kidogo bila kurudishiwa fedha. Chama chenye wanachama wanaolima mboga karibu na mji kina sababu ya kuufahamu mpango huo, na hasa kufahamu jambo moja ambalo wakulima husahau kuliuliza: mlaji mwenye akili timamu hukubalije kulipa namna hiyo, na hutazama nini kabla ya kuchagua shamba?

Mpango wenyewe huitwa kilimo kinachotegemezwa na jumuiya. Mkulima hukadiria gharama za msimu mzima, yaani mbegu, mafuta, ujira, kodi ya ardhi, matengenezo ya vyombo na riziki yake mwenyewe. Jumla hiyo huigawa katika mafungu, na kila fungu huuzwa kwa jamaa moja. Mwenye fungu hupata sehemu yake ya kila kitu kinachovunwa, kila juma, kwa majuma yapatayo 20 hadi 24, ambao ndio urefu wa msimu wa mboga katika majimbo ya kaskazini ya Marekani. Bei ya fungu zima huko aghalabu huwa kati ya dola 400 na 700 kwa msimu. Fungu hilo huitwa hisa, na hapo msomaji wa ushirika hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu hisa hii si ile anayoijua. Haimpi mwenyewe umiliki wa shamba, haina faida mwishoni mwa mwaka, na kwa kawaida haimpi kura. Ni haki ya kupata sehemu ya mavuno ya msimu mmoja tu. Msimu ukiisha, hisa nayo imekwisha.

Asili ya mpango huu haiko mbali na ushirika. Mwaka 1971 ilianzishwa Japani jumuiya ya kilimo hai ya nchi hiyo, na aliyekuwa mstari wa mbele ni Teruo Ichiraku, mtu aliyetumia maisha yake katika vyama vya ushirika vya wakulima. Wakati huo Wajapani walikuwa na hofu kubwa juu ya sumu katika chakula. Maafa ya zebaki ya Minamata yalikuwa yamekwisha kujulikana na kila mtu. Kina mama wa mijini walikwenda moja kwa moja kwa wakulima wakafanya nao maafikiano yaliyoitwa teikei. Mwaka 1978 zilitangazwa kanuni kumi za teikei, na baadhi yake zingeweza kusomwa katika mkutano mkuu wa chama chochote: bei ipangwe kwa kusikilizana, walaji wapokee mazao yote yaliyokubaliwa kulimwa, usambazaji ufanywe na pande mbili zenyewe bila kumwachia mchuuzi, na uendeshaji uwe wa kidemokrasia.

Mwaka huohuo wa 1978 kilianzishwa karibu na Geneva, Uswisi, chama cha ushirika cha mboga kiitwacho Les Jardins de Cocagne. Kutoka Uswisi na Ujerumani wazo lilivuka bahari. Huko South Egremont, jimbo la Massachusetts, Robyn Van En na wenzake, akiwamo Jan Vander Tuin aliyekuwa ametoka Uswisi, waliuza hisa za matofaa mwaka 1985 ili kujaribu, na mwaka 1986 wakauza hisa za mboga. Mwaka huo wa 1986 shamba jingine la namna hiyo lilianza katika jimbo la New Hampshire. Lakini si haki kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba Wamarekani walipata yote kutoka ng'ambo. Booker T. Whatley, profesa Mweusi wa chuo cha Tuskegee, Alabama, alikuwa akiwafundisha wakulima wadogo wa kusini waunde klabu ya wateja wanaolipa ada mapema na kuja kujivunia wenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1987 kilieleza jinsi shamba la ekari 25, lililo ndani ya maili 40 kutoka mji wenye watu wa kutosha, linavyoweza kumlisha mwenyewe vizuri. Jina lake halitajwi mara nyingi inavyostahili.

Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani za mwaka 2015 zilihesabu mashamba 7,398 yaliyouza kwa njia hii, kwa thamani ya dola milioni 226. Katika kilimo cha nchi kubwa kama ile hicho ni kijisehemu kidogo mno. Hata hivyo mlaji wa mji wowote mkubwa huko hana shida ya kukosa shamba. Shida yake ni kuchagua.

Kutafuta huanza katika majira ya baridi, wakati mashamba yamelala. Kati ya Januari na Machi wakulima huhitaji fedha za mbegu, na ndio wakati wanapoandikisha. Anayeamka Mei, akivutwa na harufu ya mvua, aghalabu huambiwa hisa zimekwisha. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Korona na rafu za maduka zikawa tupu, mashamba mengi yalijaza hisa zao upesi na kuwa na orodha ndefu za wanaosubiri. Yapo madaftari ya mashamba yanayotolewa na Wizara na na mashirika ya watu binafsi, ambamo mtu huandika mahali anapokaa na kupata majina ya mashamba ya jirani. Lakini njia iliyo bora kuliko daftari ni ileile ya kale: kwenda kwenye soko la wakulima, kutazama meza zao, kuuliza nani anauza hisa, na kisha kumtafuta mtu aliyekwisha kula hisa hiyo kwa misimu miwili. Mkulima husifu shamba lake. Mwenye hisa wa zamani hueleza juma la tano lilikuwaje.

Katika kutafuta, la kwanza kubainisha ni kama kuna shamba. Hili si mzaha. Mpango ulipopata sifa, walitokea wachuuzi wanaonunua mboga sokoni kwa jumla, wakazipanga katika masanduku mazuri na kuziuza kila juma kwa jina lilelile. Sanduku linaweza kuwa zuri na bei ikawa nafuu, lakini hapo hakuna mkulima aliyelipwa mapema wala hasara inayogawanywa. Ni duka lenye magurudumu. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2013 ya kuyataka mashamba yanayouza kwa jina hilo yajiandikishe, na kumjulisha mlaji chakula kimetoka shamba gani. Kuna pia mashamba kadhaa yanayoungana kujaza kikapu kimoja, mmoja akileta mayai, mwingine matunda, mwingine mboga. Huo ni muungano halali na wakati mwingine huwa bora, ilimradi majina ya wote yanajulikana. Mlaji yampasa aulize swali moja tu: katika kikapu hiki, kipi mmelima ninyi na kipi mmenunua? Mkulima mkweli hujibu bila kusita.

Akiisha kupata mashamba mawili matatu, mlaji hurudi nyumbani kufanya hesabu. Hisa ya dola 600 kwa majuma 20 ni dola 30 kwa juma. Je, nyumba yake hutumia dola 30 za mboga kila juma? Na ni mboga zipi? Hapa ndipo wengi huanguka. Mlaji wa mjini amezoea kuingia dukani na orodha mkononi. Katika hisa, orodha huandikwa na shamba. Mwezi wa Juni hupata figili, spinachi na saladi, majani juu ya majani. Julai na Agosti huja matango, maharage mabichi, nyanya, pilipili hoho na bilinganya kwa wingi unaotisha. Septemba na Oktoba ni zamu ya viazi, karoti, vitunguu, kabichi na maboga. Jamaa ya watu wawili wanaokula nje mara tatu kwa juma itatupa nusu ya kikapu, na kila jani linalooza ndani ya friji humkumbusha mwenye nyumba fedha alizolipa Februari. Mtu wa namna hiyo heri achukue nusu hisa, au agawane na jirani. Mashamba mengine siku hizi huruhusu wenye hisa kuchagua kutoka mezani kiasi cha vitu saba au kumi wapendavyo. Jambo hilo hupunguza manung'uniko, ingawa humwachia mkulima mboga zisizopendwa, na hapo mantiki ya kugawana mavuno yote huanza kulegea.

Mahali pa kuchukulia kikapu pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Baadhi ya mashamba huwataka watu waje wenyewe. Mengine hupeleka vikapu kwenye kanisa, shule au kibaraza cha mmoja wa wanachama mjini, siku moja ya juma, kwa saa mbili au tatu. Anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hafai kujiandikisha kwenye kituo kinachofungwa saa kumi na mbili. Shamba zuri lililo mbali kwa mwendo wa saa nzima hupendeza Juni na kuchosha Agosti.

Kisha kuna namna ya kulima. Tangu mwaka 2002 Marekani ina kanuni za taifa za kilimo hai, na muhuri wake hutolewa baada ya ukaguzi. Mashamba mengi madogo hayana muhuri huo, mengine kwa kukwepa gharama na makaratasi, mengine kwa sababu hutumia dawa. Mlaji hawezi kujua ni lipi kati ya hayo bila kuuliza na, ikiwezekana, kwenda kuona. Ziara ya saa moja hueleza mengi: kama magugu yamewashinda, kama kuna maji ya kumwagilia ukame ukija, kama vibarua wanatendewa vizuri, kama kuna mahali pa baridi pa kuwekea mboga baada ya kuvunwa. Yapasa pia kuuliza mkulima ameendesha hisa kwa misimu mingapi. Kulima mboga aina 40 kwa zamu, ili kila juma kuwe na kitu cha kugawa, ni kazi ngumu kuliko kulima zao moja kwa wingi, na mkulima hodari wa mahindi anaweza kushindwa nayo kabisa katika mwaka wa kwanza.

Lililo zito zaidi ni hasara. Mwaka 2009 ukungu uitwao bakajani chelewa ulienea katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuua nyanya na viazi shamba baada ya shamba. Wenye hisa walipita msimu wakipata nyanya chache au wasipate hata moja. Mwaka 2011, mwishoni mwa Agosti, kimbunga Irene kilileta mafuriko katika jimbo la Vermont na majirani zake, wakati mashamba yalipokuwa yamejaa mavuno. Maji ya mto huleta taka na sumu, na kwa kanuni za afya za huko mboga iliyoguswa na mafuriko hairuhusiwi kuuzwa kuwa chakula, hata ikionekana nzima. Kazi ya miezi ilibaki imesimama shambani bila thamani. Katika bonde la Intervale, mjini Burlington, mafuriko yalirudi tena Julai 2023.

Habari ya Intervale ina maana kwa wanaushirika, kwa kuwa mojawapo ya mashamba yaliyomo bondeni, Intervale Community Farm, linamilikiwa na walaji wenyewe kama chama cha ushirika. Huko mwenye hisa ya mavuno aweza kuwa pia mwenye hisa ya umiliki, na bodi huchaguliwa na wanachama. Maji yalipofika, swali la nani abebe hasara lilikuwa na jibu tangu kabla. Katika mashamba mengine swali hilo huja kwa mara ya kwanza siku ya msiba, na hapo ndipo urafiki huvunjika. Kwa hiyo mlaji mwangalifu huomba kuona mkataba, hata kama ni ukurasa mmoja, na hutafuta ndani yake maneno yanayosema wazi kinachotokea zao likifa. Mikataba mingi husema kwamba hakuna kurudishiwa fedha. Hiyo ni haki, maana ndiyo roho ya mpango. Lakini kuna tofauti kati ya mvua ya mawe na uzembe, na mkataba mzuri humwajibisha mkulima kutoa habari mapema: barua ya kila juma inayoeleza kilichoota, kilichokufa na sababu yake. Wenye hisa huvumilia kikapu chepesi chenye maelezo. Kikapu chepesi kisicho na neno hakivumiliki.

Haifai kuficha kasoro za mpango huu, kwani waandishi wake husifu kupita kiasi. Neno jumuiya huandikwa kwa herufi kubwa, lakini katika mashamba mengi wenye hisa ni wateja tu: hulipa, huchukua, huenda zao, na wengi hawarudi msimu wa pili. Kamati za wanachama zilizotarajiwa kusaidia uandikishaji na ugawaji zimekufa mahali pengi, mzigo ukamrudia mkulima. Baya zaidi, wakulima wengi hawaweki bei kwa kukadiria gharama kama mpango unavyotaka. Hutazama bei ya dukani na ya shamba la jirani, wakasahau kuhesabu jasho lao. Mlaji akiona hisa ya bei nafuu mno kuliko zote, asifurahi upesi. Huenda analipiwa na mkulima.

Kadhalika mpango huu umekuwa wa watu wenye fedha kuliko wa maskini, kwa sababu anayelipwa ujira wa juma kwa juma hawezi kutoa dola 600 Februari. Yapo mashamba yanayopokea malipo kwa vipande, au yanayotoa hisa kwa saa kadhaa za kazi shambani kila juma. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2014 iliyaruhusu mashamba ya hisa kupokea msaada wa chakula wa serikali, lakini msaada huo hauwezi kulipia chakula kitakachotolewa baada ya zaidi ya siku 14, hivyo fedha za mwanzo wa msimu bado hutoka kwingine. Faraja kidogo ni kuona nani wameanza kulima: mjini Lewiston, jimbo la Maine, wakimbizi Wabantu wa Somalia wameanzisha shamba la ushirika liitwalo New Roots. Wazee wa watu hao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo sasa ni Tanzania na Msumbiji, na wengine hata leo husema Kizigua.

Chama cha msingi kinachofikiria kuuza mboga kwa hisa katika mji wa Afrika Mashariki kitakutana na hali tofauti. Mlaji wa Arusha au wa Kisumu hupata mchicha na nyanya mlangoni kila asubuhi, kwa fungu dogo analoweza kulilipia siku hiyo, na hana sababu ya kulipa miezi minne mbele isipokuwa apewe kitu ambacho mchuuzi hana: uhakika wa dawa zilizotumika, au wa maji yaliyomwagiliwa. Msimu nao si mmoja. Penye masika na vuli, hisa ya miezi mitatu ingekuwa ya busara kuliko ya mwaka. Fedha za hisa zingelazimika kukaa katika akaunti ya chama kwa jina la mpango huo pekee, zitoke kwa mpangilio wa juma kwa juma, na zisichanganywe na hisa za uanachama wala mikopo ya pembejeo, la sivyo mkaguzi atakuwa na kazi kubwa na wanachama watakuwa na haki ya kupiga kelele. Ni vyema kuanza na jamaa 20 au 30 zinazojulikana, pengine watumishi wa hospitali moja au walimu wa shule moja, kuliko kutangaza kwa mji mzima.

Kuhusu bei, mfano unaofaa kutazamwa ni wa Ujerumani, ambako shamba la Buschberghof, karibu na Hamburg, lilianza mpango huu mwaka 1988. Katika mashamba mengi ya huko hakuna bei ya hisa iliyoandikwa. Wanachama hukutana kabla ya msimu, mkulima husoma makadirio yake mbele yao, mstari kwa mstari, na mwanachama yeyote aweza kuuliza kwa nini trekta linahitaji magurudumu mapya. Kisha kila jamaa huandika kwenye karatasi, kwa siri, kiasi inachoweza kutoa kwa mwezi. Mwenye nacho huandika zaidi ya wastani, asiye nacho huandika pungufu, na wote hupata kikapu kilekile. Karatasi hukusanywa na kujumlishwa. Jumla ikifikia makadirio, mkutano umekwisha; ikipungua, kiasi kinachokosekana hutangazwa, karatasi hugawiwa upya, na watu huandika tena.